GEORGE GRENFELL NA MIEZI YA MASUA PEACE



Safari hii tumechagua kuandika maisha ya George Grenfell, misionari Mbatisti wa kutoka Uingereza. Sababu ziko mbili. Ya kwanza inajulikana: kaburi lake liko kwetu, Basoko, jimbo hili la Tshopo, na misioni ya Yakusu, ambayo kila mtu wa Kisangani anaifahamu, ni tunda la kazi yake na ya wenzake. Ya pili ni ya hesabu. Wenzetu wanaosoma informatiki wamebishana trimesta nzima juu ya neno moja dogo, mwezi. Ukiandika katika programu ya kupanga kazi kwamba kazi fulani itachukua mwezi mmoja, kompyuta inaelewa siku ngapi? Tumeona kwamba maisha ya mtu huyu yanajibu vizuri kuliko ubishi wetu, kwa maana alipanga kazi kubwa sana ya miezi mingi, na hakuwa na mashine yoyote ya kumfanyia hesabu.

Grenfell alizaliwa tarehe 21 Agosti 1849 katika kijiji cha Sancreed, upande wa Cornwall. Alipokuwa mtoto mdogo wazazi wake walihamia Birmingham, mji wa viwanda. Huko, baada ya shule, aliwekwa kufundishwa kazi katika nyumba ya biashara ya vyuma na mashini. Jicho lake moja liliharibika kwa aksida, basi maisha yake yote alitazama kwa jicho moja. Tunaomba msomaji ashike jambo hili akilini, maana ni kwa jicho hilo moja alipima mito ya Kongo.

Aliokoka akiwa kijana katika kanisa la Wabatisti, akabatizwa 1864. Mwaka 1873 aliingia chuo cha Wabatisti huko Bristol, na mwisho wa 1874 akapokelewa na Baptist Missionary Society. Kanisa letu la CBFC linatoka katika shirika hilo. Alitumwa Kamerun pamoja na mzee Alfred Saker, akafika huko mwanzo wa 1875.

Hapa vitabu vya zamani vinapita haraka, lakini sisi hatutapita. Mwaka 1876 alioa Mary Hawkes, naye akafa Januari 1877, hata mwaka mzima wa ndoa haukutimia. Mwaka uliofuata Grenfell, pamoja na rafiki yake Thomas Comber, alitumwa kutafuta njia ya kuingia Kongo, na wakafika Mbanza Kongo. Kazi ilianza vizuri. Lakini kule Kamerun alikuwa na msichana, Rose Patience Edgerley, Mweusi wa asili ya Jamaika, na mtoto alikuwa njiani kabla ya ndoa. Grenfell alijiuzulu katika misioni. Alimwoa Rose, hakumkimbia, akafanya kazi ya biashara huko Kamerun mpaka shirika lilipomrudisha 1880. Tunalisema wazi kwa sababu Mama Rose ndiye aliyesafiri naye karibu mito yote, na mtoto wao Patience alikuwa ndani ya masua akiwa bado mdogo kabisa. Watu waliokutana na masua ile mtoni waliona mzungu, mke wake Mweusi na mtoto, na sisi tunafikiri jambo hilo lilifungua milango mingi ambayo bunduki ingeifunga.

Sasa tuingie katika masua yenyewe.

Katika mji wa Leeds kulikuwa tajiri mmoja, Robert Arthington. Aliishi kama maskini, lakini pesa zake alizitoa kwa misioni. Alitaka Habari Njema ipande mto Kongo kwa masua ya mvuke, na alitoa pesa za kuinunua pamoja na pesa nyingine za kuitunza. Grenfell aliitwa Uingereza asimamie kuundwa kwake katika kiwanda cha Thornycroft, Chiswick, kando ya mto Thames. Ilikuwa na urefu wa kama meta 21, na chini yake ilizama sentimeta 30 hivi tu, ili ipite juu ya mchanga. Jina lake Peace, maana yake Amani. Mwaka 1882 iliundwa, ikajaribiwa juu ya Thames, ikatembea vizuri. Kiisha ikafunguliwa tena yote! Ilikatwa vipande 800 hivi, kila kipande cha kilo 30 hivi, mzigo wa mtu mmoja kichwani.

Mbona waliifungua? Kila mwanafunzi wa jiografia anajua. Kutoka baharini hadi Matadi masua inapita, na kutoka Kinshasa hadi Kisangani masua inapita, kilometa 1,700 na zaidi bila kizuizi. Lakini katikati ya Matadi na Kinshasa mto unaanguka na kuanguka, na zamani ile reli haikuwepo. Reli ilimalizika 1898 tu. Basi kila kitu kilipanda kwa miguu na kwa kichwa, zaidi ya kilometa 300 za milima, mito midogo na jua.

Desemba 1882 Grenfell aliondoka Uingereza na mizigo yake. Juni 1884 masua iliingia majini kwenye Stanley Pool, mahali ambapo leo tunaita Pool Malebo. Hesabu vidole: miezi 18.

Hapa tusimame kidogo, kwa maana ubishi wa wenzetu uko hapa. Miezi 18 ni muda gani? Tuseme kwa mfano tu kwamba kazi ilianza tarehe 1 Desemba 1882. Mtu wa kalenda anahesabu mwezi baada ya mwezi, na anamaliza tarehe 31 Mei 1884. Hizo ni siku 548, kwa sababu 1884 ulikuwa mwaka mrefu, Februari ilikuwa na siku 29. Mtu mwingine anasema mwezi ni siku 30, basi 18 mara 30 ni 540, na anamaliza tarehe 23 Mei. Mtu wa tatu anafuata mwezi wa mbinguni, ambao unazaliwa upya kila siku 29 na nusu. Yeye ana siku 531 tu, amemaliza tarehe 14 Mei. Sasa kompyuta. Programu kama Microsoft Project, usipoibadilisha, inasema mwezi ni siku 20 za kazi, kila siku saa 8, na inaruka Jumamosi na Siku ya Mungu. Miezi 18 ni siku 360 za kazi, yaani majuma 72, na inakuambia kazi imekwisha tarehe 17 Aprili. Kazi ni ileile, neno ni lilelile, lakini kati ya wa kwanza na wa mwisho kuna majuma zaidi ya sita! Kama umeahidi wapagazi mshahara na chakula mpaka kazi imalizike, majuma sita ni njaa ya watu wengi.

Kompyuta haina kosa, tusiitukane. Inajua kazi za saa, kama kufunga misumari. Haijui kazi ambazo zinafuata kalenda yenyewe: mshahara wa mwezi, kodi ya nyumba, mkataba. Mshahara wa Februari ni sawa na wa Machi ingawa siku si sawa. Kazi za namna hiyo usiziandikie urefu kwa miezi. Andika tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, acha mashine itafute siku zenyewe. Au uipe kalenda ambayo siku zote saba zinahesabiwa. Ndiyo siri yote, na sasa wandugu wa informatiki wapatane.

Lakini Grenfell alikuwa na kalenda nyingi zaidi ya hizo. Wapagazi wa Bas-Kongo walikuwa na juma la siku nne, kufuata masoko: Konzo, Nkenge, Nsona, Nkandu. Kwetu huku mpaka leo watu wengi wanaita juma posho, kwa sababu wafanyakazi walipewa posho yao kila baada ya siku saba. Ni kusema mtu wa chini alihesabu wakati kwa tumbo lake, na hakukosea sana. Tena mto nao una kalenda yake. Kwenye Pool maji yanapanda sana mwezi wa 11 na wa 12, yanashuka sana mwezi wa saba na wa nane. Miezi mitatu inayoanza Juni si sawa na miezi mitatu inayoanza Oktoba, hata kama siku ni sawa. Mtu akisahau hilo, masua inalala juu ya mchanga.

Vipande vyote vilipanda mpaka Pool. Hatujui kama leo, na malori yetu ya njia ya Buta, vipande 800 vingefika vyote! Heshima ya jambo hili ni ya wapagazi kwanza, na majina yao hayako kwenye sanamu yoyote.

Lakini kuifunga tena masua ilikuwa shida nyingine. Mpango ulisema mafundi wa mashini watatoka Ulaya. Alitoka mmoja, akafa kwa homa mara baada ya kufika. Wakatumwa wengine wawili, nao wakafa kabla hawajaigusa kazi. Mafundi watatu, makaburi matatu. Katika programu ya kompyuta kuna kisanduku cha kuandika nani atafanya kazi gani. Grenfell alikuwa na visanduku vitatu ambavyo vilifutwa, na kila kufuta kulikuwa barua ya kuandikia mama fulani huko Uingereza. Barua yenyewe ilichukua majuma na majuma kufika, na jibu muda uleule kurudi. Kungoja mafundi wengine ni kupoteza mwaka.

Hakungoja. Alikumbuka vyuma vya Birmingham, akavua koti, akaifunga yeye mwenyewe pamoja na vijana Waafrika aliowafundisha papo hapo. Sahani moja kwa nyingine, msumari kwa msumari, mpaka tungi la mvuke na mabomba yake. Mvuke ulipopanda na masua ikaanza kutembea, walioiona walishangaa kama kitu chenye uhai. Na sisi tunasema, kati ya mambo yote ya mtu huyu, hili ndilo tunalipenda kuliko medali zake.

Kiisha akaanza kutembea. Julai 1884 alipanda kidogo na Comber. Oktoba akaondoka tena, safari hii na Mama Rose na mtoto, na Desemba 1884 alifika huku kwetu, kwenye maporomoko ambayo Wazungu waliyaita Stanley Falls. Miezi miwili na zaidi kwa kilometa 1,700: mtu wa leo anaweza kucheka, lakini asicheke haraka, maana tunajua baleinieri za leo zinavyolala njiani. Peace haikutembea usiku. Ilikula kuni, na kila jioni watu walishuka pwani kukata miti ya kesho. Kwa hiyo siku moja ya safari ilikuwa nusu maji na nusu shoka. Tena Grenfell hakukimbilia mwisho. Aliingia katika midomo ya mito, akapima kina, akashika dira na saa, akatazama jua na nyota, akaandika kila siku katika daftari.

Alipokaribia huku aliona vijiji vilivyochomwa, na watu wanaishi ndani ya mitumbwi kwa kukimbia. Ni watu wa Tippu Tip waliokuwa wakishuka mto kutafuta pembe za tembo na watumwa. Masua iliyoitwa Amani ilikuta moshi. Watu wa pwani walihesabu mwaka 1302 wa Hijra kwa miezi ya mbinguni, Grenfell alihesabu 1884 kwa miezi ya Ulaya, na wavuvi Wagenia walihesabu kwa maji na samaki. Wote walikuwa mahali pamoja.

Akitoka huku aliingia Ubangi mwanzo wa 1885, akaupanda mbali kuliko mzungu yeyote kabla yake. Baadaye Lulonga, Busira na Tshuapa, kiisha Kasai na Sankuru. Mwaka 1887 shirika la jiografia la London, Royal Geographical Society, lilimpa medali kwa ramani yake ya mto.

Mpango wa misioni ulikuwa kupanga vituo kama shanga, kutoka Pool mpaka Stanley Falls. Katika karatasi ulikuwa mpango wa miaka michache tu. Lukolela, Bolobo, Monsembe, Upoto, kila kituo kilikula watu na miaka. Yakusu ilisimama zaidi ya miaka 10 baada ya Grenfell kuona maporomoko. Homa ilikuwa sababu moja. Sababu nyingine ilikuwa Serikali.

Mwaka 1885 mfalme Leopold II alipata Kongo kama shamba lake, akaiita Serikali Huru. Grenfell, kama wamisionari wengi, alimwamini. Aliona vita vya watumwa, alifikiri mfalme huyu ataleta sheria. Hata 1890, maofisa wa Serikali walipoinyang'anya Peace kwa nguvu ili wabebe watu wao, aliweka malalamiko, masua ikarudishwa, naye akaendelea kuamini. Mwaka uliofuata mfalme alimweka apime mpaka wa Lunda na Wareno, akaenda na Mama Rose kwa miguu katika nchi ngumu, akamaliza kazi 1893. Mwaka huohuo misioni ilipata masua ya pili, Goodwill.

Mwaka 1896 mfalme aliunda komisio ya kulinda wenyeji, watu sita, Wakatoliki na Waprotestanti, Grenfell akiwa karani wake. Tutazame jambo hili kwa macho ya mtu anayepanga kazi. Watu sita waliishi mbali mbali, siku nyingi za masua kati ya mmoja na mwingine, tena mbali na misitu ambako watu walikatwa mikono kwa ajili ya mpira. Wakutane lini? Wapi? Kwa masua ya nani? Komisio karibu haikukutana. Mpango ambao hauwezi kutendeka katika kalenda yoyote, tunaona haukutungwa ili utendeke. Ulitungwa ili magazeti ya Ulaya yanyamaze.

Grenfell alichelewa kuliona. Tunasema hivyo ingawa tunampenda. Wengine walipiga kelele mapema, yeye alibaki na heshima kwa mfalme miaka mingi, na katika miaka ile watu walikufa. Ripoti ya Roger Casement ilipotoka 1904, na yeye mwenyewe akiwa ameona na kusikia ya kutosha, aliacha kumwamini na akajitoa katika komisio. Serikali nayo ilimkatalia viwanja vya kujenga vituo vipya huku juu. Aliomba, akangoja. Aliomba tena, akangoja tena. Hakuna programu inayojua kuandika muda wa kungojea jibu la mkubwa asiyetaka kujibu.

Nyumbani pia palikuwa na maombolezo. Patience, yule mtoto wa ndani ya masua, alikwenda kusoma Ulaya, akarudi msichana mkubwa kusaidia shule Bolobo, akafa huko 1899.

Mwaka 1902 Grenfell alipanda Aruwimi kwa mitumbwi mpaka Mawambi, akielekea upande wa Uganda. Alitaka kuona mahali ambapo misioni zinazotoka magharibi zingepeana mkono na zile zinazotoka mashariki. Mwishoni alipata nafasi ya kuanza kituo Yalemba, karibu na mdomo wa Aruwimi. Alikuwa amechoka sana, na Peace nayo ilikuwa imezeeka pamoja naye. Homa ya mkojo mweusi ilimshika Yalemba. Vijana wake walimlaza ndani ya masua, wakampeleka Basoko kwa daktari wa Serikali.

Alikufa huko tarehe 1 Julai 1906, Siku ya Mungu. Tumehesabu: tangu kuzaliwa ni miaka 56, miezi 10 na siku 10. Ndiyo miezi 682 ya kalenda, au zaidi ya miezi 700 kama unafuata ile ya mbinguni. Wale vijana, ambao aliwafundisha misumari na tungi la mvuke, ndio waliomzika pale Basoko, kiisha wakawasha moto wa masua na kushusha habari kituo kwa kituo.